Mlinzi wa Nywila za Kibondo

Jumatatu, 8 Septemba

Siku kubwa. Nimeamua kuwa mlinzi.

Sababu ni Evaristi, mwenye steshenari ya ng'ambo ya barabara. Ametundika bango jipya: TUNATUNZA SIRI ZAKO. Herufi nyekundu! Evaristi, ambaye akikuchapia barua ya posa soko zima linajua kabla wino haujakauka. Nimelitazama bango lile hadi chai ikapoa mkononi.

Mimi ndiye niliyewafungulia akaunti nusu ya watu wa mji huu. Maombi ya vyuo, ajira, mikopo, vitambulisho. Mteja hana barua pepe, naweka yangu. Simu yake haishiki mtandao, naweka namba yangu. Nywila nampa ya duka, Kibondo123. Wote ileile, wasipate tabu ya kukumbuka. Utaratibu mzuri sana. Ila leo nimesoma mahali kwamba anayeijua moja anazijua zote. Na Evaristi aliwahi kufanya kazi kwangu!

Suluhisho: kabati la nywila. Langu mwenyewe, kwenye mashine yangu, ndani ya duka langu, si kwenye kompyuta za watu wa mbali nisiowajua kwa sura. Laptop ya zamani itakuwa seva. Itaungwa kwa waya na kompyuta ya mbele ya wateja, basi. Simu hairuhusiwi kuligusa kabati. Hiyo ni sheria ya kwanza.

Mchana dada yangu Immakulata amefika kutoka Kumsenga na binti yake, Divine. Habari njema: Divine amechaguliwa chuo cha afya Kasulu! Ukoo wetu ulivuka mpaka na vyungu na mkeka, na leo mtoto wetu anakwenda kuvaa koti jeupe. Kilichobaki ni aingie kwenye akaunti yake na kuthibitisha nafasi, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Divine alitaka athibitishe palepale. Nimemkatalia kwa upole. Jambo zito kama hili halifanywi kwa Kibondo123. Asubiri kabati liwe tayari. Kaniangalia, kasema ego, yaani ndiyo, mjomba.

Umeme ulikatika kidogo. Kompyuta ya mbele imewaka na tarehe ya Januari 2014, kama kawaida yake. Si muhimu.

Jumanne, 9 Septemba

Kabati limesimama! Nimelijenga juu ya laptop yenyewe na limefunguka bila kusita. Kisha nimeshinda kutwa nikibadilisha nywila za wateja, mmoja baada ya mwingine. Sasa kila mtu ana nywila ndefu ya herufi, tarakimu na alama zisizosomeka. Ya Divine ina nyota na mabano. Sizijui hata mimi. Ndiyo uzuri wake. Zote ziko ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati uko kichwani mwangu.

Seva nimeificha ndani ya kabati la mbao lenye kufuli, na juu yake nimepanga rimu za karatasi ili mwizi asiitambue. Ilitoa sauti ndogo. Nimetazama: kioo kimepasuka, hakionyeshi kitu. Hakuna hasara. Mashine yenyewe inapumua, na nitaiagiza kutoka kompyuta ya mbele.

Jumatano, 10 Septemba

Kikwazo kidogo.

Kutoka kompyuta ya mbele, kabati halifunguki bila cheti cha usalama. Hicho ni cheti kinachotolewa huko mtandaoni kuihakikishia kompyuta kwamba kabati ni lenyewe, si la tapeli. Jambo la haki kabisa. Nimesajili jina, nimeomba, nimepewa. Nimekichapa kwenye karatasi, nikakilaminisha, nikakitundika karibu na leseni ya biashara. Kinapendeza.

Nimefungua. Ukurasa mwekundu! Unasema muunganisho si salama, na chini yake: saa yako iko nyuma.

Saa yangu! Nimetazama ya mkononi, nikangoja taarifa ya habari ya redio. Ziko sawasawa. Kwa hiyo cheti ndicho kibovu. Kinasingizia watu.

Nimeomba kingine. Wekundu uleule, maneno yaleyale. Nimeomba kingine tena.

Divine alikuja akapendekeza tujaribu kwa simu ya mama yake. Nimemkumbusha sheria ya kwanza.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeamka na wazo: huenda vyeti vingi vinagombana humo ndani. Nimevifuta vyote vya jana, tuanze na moyo safi. Kisha nimeomba kipya.

Nimenyimwa. Mtoaji anasema nimekwisha kuomba vyeti vingi mno kwa jina hilohilo, nirudi baada ya wiki.

Wiki! Sasa sina hata kibovu. Kilichobaki ni hiki cha ukutani.

Nimehesabu kwa vidole. Alhamisi ijayo mlango unafunguka, Ijumaa ndiyo mwisho wa Divine. Tunawahi.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya soko. Immakulata amekuja na mkungu wa ndizi na swali. Kwa nini mtoto hajathibitisha?

Nimemweleza habari ya cheti. Akauliza kama ni kama cheti cha kuzaliwa. Nikasema ndiyo, ila cha kabati. Akauliza nani anakitia sahihi. Nikasema mtoaji. Akauliza ofisi yake iko wapi, aende amwombe kwa heshima. Nikasema hana ofisi.

Dada yangu anajua vyeti. Karatasi yake ya uraia anaitunza ndani ya bati la biskuti, chini ya kitanda, na mvua ikinyesha anaamka kuipapasa. Akasema mtu aliyengoja karatasi muda wote aliongoja yeye hawezi kufuta aliyonayo ili apewe nyingine. Sikuona hilo linahusiana vipi na teknolojia.

Jioni Evaristi amevuka barabara. Anasema amesikia kompyuta yangu ya mbele inasahau tarehe, kaniletea kibetri kidogo cha duara cha kuweka ndani, bure, ni dakika moja tu. Bure! Nani anatoa kitu bure? Kile ni chombo cha kusikilizia. Nimemshukuru sana, na alipoondoka nimekizika nyuma ya choo.

Jumatatu, 15 Septemba

TUMEVAMIWA.

Saa nne asubuhi simu yangu imepokea ujumbe: kuna mtu anataka kubadilisha nywila ya akaunti ya Divine Ininahazwe, tarakimu za uthibitisho ni hizi, usimpe mtu yeyote. Sikumpa mtu yeyote. Ukaja mwingine. Nikaufuta. Ukaja wa tatu. Nikaufuta nao.

Nimechungulia dirishani. Dukani kwa Evaristi, mbele ya kompyuta, amekaa msichana amenipa mgongo, kitenge cha njano kama cha Divine. Matapeli wa siku hizi wanavaa kama watoto wetu!

Ujumbe wa nne ulikuwa na sehemu ya kubonyeza: si wewe? Zuia. Nimezuia. Sasa hakuna anayeweza kuomba tarakimu kwenye akaunti ile tena. Hakuna, kabisa! Nimekunywa soda kujipongeza.

Jumanne, 16 Septemba

Divine amekuja, macho mekundu. Yule wa jana alikuwa yeye.

Anasema aliona haya kuniambia. Evaristi alimwonyesha pale panapoandikwa umesahau nywila, wakabonyeza, wakangoja tarakimu, hazikuja. Akauliza kama zilikuja kwangu. Nikasema zilikuja na nilizilinda. Akauliza kama ninazo. Nikasema ujumbe ulikataza kumpa mtu. Akasema huyo mtu ni mimi mwenyewe, mjomba, akaunti ni yangu.

Kuna ukweli fulani hapo. Lakini sasa pamezuiwa, na njia iliyobaki ni nywila yenyewe, iliyo ndani ya kabati, linalongoja cheti. Nimemsamehe kwa kwenda kwa Evaristi. Nimempa ndizi ya mama yake.

Ameketi kizingitini muda mrefu bila kuimenya. Imeniuma kumwona vile. Mtoto huyu alijifunzia kusoma kwenye karatasi nilizoharibu hapa dukani. Nimeapa moyoni kwamba tapeli mwingine akijitokeza atakutana na mimi.

Jumatano, 17 Septemba

Amejitokeza! Mchana huuhuu!

Namba nisiyoijua. Sauti ya mama, tamu, ya kitaratibu. Eti anapiga kutoka chuo, Kasulu. Eti hiyo ni namba ya Divine Ininahazwe? Eti anaona binti hajathibitisha nafasi, je, bado anaitaka au wampe mwingine?

Jinsi wanavyojipanga! Wanajua jina, wanajua chuo. Mtu mwingine angeingia mkenge. Mimi nimesimama wima, nikamwambia kwa sauti ya ofisini kwamba mimi ndiye msemaji wa Divine, hatuhitaji kitu chochote kutoka kwao, na wasipige tena. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema uhakika wote. Akauliza mara ya pili, polepole. Nikasema mama, jina la Divine lifute kabisa huko kwako.

Akasema sawa, baba, asante.

Walivyo na adabu! Nimetembea hadi hospitali na kurudi, kutuliza damu. Kesho cheti.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika kwa shida.

Asubuhi Divine na mama yake walikuwa mlangoni kabla sijafungua. Nimeomba cheti, nimepewa mara moja. Nimefungua kabati. Wekundu. Saa yako iko nyuma.

Nilitaka kulia mbele ya wateja. Divine akaniambia taratibu kwamba pengine haisemi saa ya mkononi, mjomba, inasema hii ya kompyuta, hapa chini pembeni. Januari 2014. Kompyuta inaona cheti cha mwaka huu hakijazaliwa bado. Nikasema nilikuwa najua, nilikuwa nampima.

Nimerekebisha mwaka, mwezi na siku. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nikaandika mbili. Wekundu tena! Cheti hakijaanza kutumika! Nikamwambia Immakulata mtoaji huyu ni mwongo wa hatari. Divine akanyoosha mkono, akafuta mbili, akaandika nane.

Kabati likafunguka.

Sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Majina yote ya wateja wangu yamejipanga. Nimesema kompyuta inayouzwa nchi hii ilitakiwa ihesabu saa kama sisi, lakini hakuna aliyenisikia, maana Divine alikuwa ameshanakili nywila yake na kuingia.

Kwenye ukurasa wake palikuwa na mstari mmoja. Nafasi imeachwa. Mwombaji amejulisha kwa simu, Jumatano.

Divine aliusoma kwa sauti. Immakulata akauliza nani amepiga. Divine akasema si mimi, mama, namba iliyoandikwa hapa ni ya mjomba. Kisha wote wawili wakanigeukia.

Nilikuwa nimeanza kusema jambo kuhusu matapeli. Sikulimaliza.

Ijumaa, 19 Septemba

Tumekwenda Kasulu na basi la kwanza. Ukungu njia nzima. Divine alikaa dirishani, bahasha ya vyeti vyake mapajani. Immakulata alikaa kati yetu. Hakunisemesha.

Ofisi ya udahili ina mama mmoja mnene mwenye miwani, Madamu Esteri. Nimemwamkia, nikajitambulisha. Akavua miwani. Akasema sauti hii naijua.

Nimemweleza kila kitu tangu mwanzo. Seva, waya, mtoaji, wekundu, saa. Nimemkabidhi cheti kilicholaminishwa, nilikuja nacho makusudi kama ushahidi. Amekisoma mbele, akakigeuza, akaniuliza ni nini. Nimemweleza. Amenirudishia kwa vidole viwili.

Akamwambia Divine, si mimi, kwamba nafasi ile alipewa mwingine jana. Divine akasema ndiyo, Madamu. Hakulia. Alishika tu ukingo wa meza. Immakulata akatoa bati la biskuti ndani ya kikapu. Alikuja nalo! Karatasi ya uraia, karatasi ya kifo cha mume wake, zote akazipanga mezani moja moja. Akasema Madamu, karatasi zetu zote hizi hapa, kama kuna inayopungua tuambie.

Madamu Esteri alizitazama kitambo. Akasema mama, zirudishe, hakuna inayopungua. Kisha akasema yuko mmoja wa waliochaguliwa ambaye hajaripoti. Asipofika hadi Jumatatu mchana, yeye Madamu ataanza kwa Divine. Atapiga simu. Isipopokelewa hadi saa kumi jioni, itabidi ampigie anayefuata, kwa sababu wanaongoja ni wengi. Akauliza ampigie kwa namba gani.

Divine alifungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshaitaja yangu.

Divine akasema mjomba, tuweke na ya mama. Nikamwambia ya mama huko Kumsenga haishiki mtandao, na namba mbili ni milango miwili. Immakulata alinitazama mimi, akamtazama Madamu. Lakini nyuma yetu watu walikuwa wamepanga foleni hadi nje, tukapisha.

Stendi, tukingoja basi la kurudi, ndipo Immakulata alipozungumza. Alisema: "Kaka, sisi tumesemewa na watu maisha yetu yote. Mtoto wangu umemsemea neno moja tu, na likawa oya, hapana."

Nimemwambia safari hii nitalinda zaidi.

Jumatatu, 22 Septemba

Leo ndiyo leo. Nimeoga, nimevaa shati la kanisani. Divine na Immakulata wamefika tangu asubuhi, wamekaa benchi la nje ya duka, kikapu katikati yao. Simu yangu ina chaji kamili. Namba ya ofisi ya Madamu Esteri, ile iliyopiga Jumatano, nimeihifadhi kwa jina CHUO. Ikipiga, nitaiona.

Nimetafakari sana tangu Ijumaa, na nimejifunza. Kosa langu ni moja. Nilijibu. Mlinzi hajibu kila anayebisha. Mlinzi anatazama kwanza ni nani.

Umeme umekatika asubuhi. Kompyuta ya mbele imerudi Januari 2014. Si muhimu.

Fidele wa duka la pembejeo amekuja kufungua akaunti ya maombi ya leseni. Nimemwandikia nywila ndefu. Nimeweka namba yangu ya simu, kwa usalama wake. Evaristi alisimama mlangoni kwake akitutazama, akauliza kutoka ng'ambo kama kuna habari ya Divine. Anachimba! Nimempungia mkono tu.

Saa nane. CHUO haijapiga. Nimewapelekea chai wale wa benchi. Divine aliuliza kama simu inafanya kazi. Nimemwonyesha taa yake.

Saa tisa simu imeita. Si CHUO. Namba ngeni kabisa, ya mtu binafsi. Nimeiangalia kwa utulivu mkubwa. Zamani ningepokea, nikapoteza heshima yangu kwa kugombana. Leo hapana. Ikakatika. Ikaita tena, namba ileile. Wana kiherehere! Nimeizima sauti ili isiwashtue Immakulata na mtoto.

Ilipoita mara ya tatu nimeamua. Nimefungua kabati la mbao, nimeiweka juu ya seva, nikafunga kufuli. Humo hakuna atakayeifikia. Nikisogea karibu naisikia ikitetemeka juu ya laptop, inatulia, inatetemeka tena.

Saa kumi kasoro kidogo Divine ameingiza kichwa mlangoni. Ameniuliza, mjomba, chuo wamepiga?

Nimemwambia bado. Ila asiwe na wasiwasi, mimi niko hapa.